Mwasumini Hautaki Huruma

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kikundi cha akina mama wa bustani za nyumbani, Tanga, alasiri ya Jumamosi.)

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote. Mama mwenyekiti, dada zangu, wanangu, na nyie vijana wawili mliokaa karibu na mlango mkidhani sijawaona, karibuni.

Nimeambiwa niseme juu ya asumini. Aliyekuja kuniita alisema hivi: "Bi Mwalimu, kila magharibi harufu ya kwako inatufuata mpaka jikoni, na sisi yetu ni majani matupu. Njoo utuambie dawa unayotia." Basi nianze na hiyo dawa. Dawa yangu ilikuwa mbuzi.

Msicheke, nawaeleza. Bibi yangu aliyekuwa Pangani alipofariki, watu waligawana vyombo na khanga, mimi nikaomba kijiti cha mwasumini wake. Nikakipanda hapa Tanga, kando ya ukuta wa uani, kikashika. Sasa niambieni, kitu hai pekee ulichobaki nacho cha bibi yako, utakitia mkasi? Mimi sikuthubutu. Jani likinyauka nilikuwa naumia. Tawi likirefuka nililifunga kamba nikalielekeza juu. Mwasumini ukapanda ukuta, ukafika kwenye bati, ukalala juu ya bati kama paka. Miaka mitatu. Maua yalikuwa machache, tena juu kabisa, wanayanusa kunguru.

Mwaka wa nne nikaenda Korogwe msibani, nikakaa siku tisa. Niliporudi nikakuta mlango wa uani uko wazi na mbuzi wa jirani amekwisha maliza kazi yake. Kilichobaki kilikuwa visiki vinavyofika magotini, na yale matawi ya juu yamening'inia yamekauka. Nililia, sitawaficha. Jirani alikuja na sahani ya vitumbua kuomba radhi, nikavipokea kwa uso wa kununa.

Wiki ya pili macho ya mti, vile vinundu vinavyochipua, yakavimba kwenye vile visiki. Wiki ya nne pametoka machipukizi hata sikuweza kuyahesabu. Kabla miezi miwili haijatimia niliamka alfajiri kuchota maji nikaikuta ile harufu ya Pangani imesimama uani kwangu, usawa wa pua. Miaka mitatu ya huruma haikuleta kilicholetwa na mbuzi mmoja kwa siku moja.

Sababu yake ni hii, na mkiishika hii mengine yote nitakayosema ni nyongeza. Mwasumini huchanua kwenye ncha ya chipukizi jipya. Tawi kuukuu halitoi ua, hata ukilibembeleza. Tumba huja pale tawi changa linapomalizia, mara nyingi matumba matatu pamoja, la katikati likitangulia. Ukikata tawi moja, chini ya pale ulipokata hutoka machipukizi mawili au zaidi, na kila moja lina ncha yake. Usipokata, una ncha moja inayokimbilia juu kutafuta jua. Nyie mnaolalamika majani matupu, wengi wenu mna ncha chache zilizokwenda mbali.

Baada ya hapo ndipo nikakumbuka mambo niliyoyaona utotoni nisiyaelewe. Bibi alikuwa na siku yake. Kipupwe kikielekea mwisho, kusi ikianza kulegea, alichukua kisu chake cha kukatia nazi, akaufyeka mwasumini wote mpaka chini. Mabwana kilimo wanaita kupogoa. Bibi alisema "leo naunyoa." Sisi watoto tulidhani amegombana nao. Kumbe alikuwa anauandaa: mvua za vuli zikija zikute macho yako tayari, na joto la kaskazi likiingia mti wote uwe ncha tupu. Maua ya kwake yalikuwa ya Novemba, Desemba, Januari, Februari, wakati sisi tunatoka jasho, na mwasumini nao kwenye joto ndipo unapofurahi.

Baadaye nikaja kujua kwamba bibi hakuwa peke yake. Huko Tamil Nadu, kusini mwa India, kuna mji unaitwa Madurai ambao asumini yake ni maarufu kiasi kwamba jina lake linalindwa kisheria, mtu wa nje ya eneo hilo haruhusiwi kuuza yake kwa jina hilo. Wakulima wa Tamil Nadu, ambao ua hili ndilo linalowasomeshea watoto, hufyeka vichaka vyao mwishoni mwa Novemba, hubakiza kama nusu mita kutoka ardhini. Nusu mita! Wao joto lao huanza Machi, kwa hiyo hukata kabla yake. Sisi joto letu huanza mwisho wa mwaka, kwa hiyo tunakata Agosti kuelekea Septemba. Mwezi umebadilika, akili ni ile ile.

Kukata kwenyewe kusiwatishe. Mkasi uwe mkali, kisu butu huchana gamba na jeraha halifungi. Anza na yaliyokufa, kisha yanayosuguana, kisha yale membamba ya katikati yanayozuia hewa. Halafu teremsha yaliyobaki mpaka gotini, ukikata juu kidogo ya kifundo chenye majani mawili yaliyoelekeana, maana humo ndimo jicho lilimo. Jirani akipita akauliza nani kauharibu mti wako, jua umekata sawasawa. Na hiyo ni mara moja kwa mwaka. Katikati ya msimu, kila kundi la maua likiisha, punguza zile ncha kwa vidole tu, kiasi cha majani mawili au manne, uone zitakavyorudi. Mti ulio mgonjwa, au uliopandwa juzi, huo usiunyoe. Uache ushike kwanza.

Sasa jua. Hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimepita nyumba zenu. Mwenzangu mmoja, simtaji, ameuweka mwasumini chini ya mwembe kwa sababu "jua kali litauunguza." Huruma ile ile. Mwasumini unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, na ukiupa zaidi hautalalamika. Kivulini utaishi, utakuwa na majani ya kijani mazuri ya kupigia picha, lakini ua utalisikia kwa majirani.

Na maji vivyo hivyo. Kuna watu wanaumwagilia kila wakipita, kopo la kunawia, maji ya kusuuzia vikombe, basi mizizi haipumzi. Chomeka kidole ardhini. Mpaka pingili ya pili pakiwa pakavu, mwagilia hasa, maji yateremke. Pakiwa na unyevu, ondoka. Wenye ndoo na madebe, toboeni chini, na mkishatoboa msiweke kisahani kinachotuama maji, mtapanda mbu badala ya asumini.

Udongo nataka niukalie kidogo, kwa sababu ndio ugonjwa wetu wa pwani na wengi mnadhani ni mdudu. Sehemu kubwa ya huku kwetu chini ni mawe ya matumbawe. Udongo wake una chokaa, na maji ya visima vyake yana chokaa. Mwasumini hupenda udongo unaoelekea kwenye uchachu kidogo. Ukikaa kwenye chokaa, madini ya chuma yamo ardhini lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Mtauona: majani machanga ya juu yanageuka njano na mishipa inabaki kijani, kama ramani yenye mito. Hapo usikimbilie dukani kununua sumu. Changanya mboji kwa wingi na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, chimba shimo la futi moja na nusu kwenda chini na kwenda upande, toa mawe, jaza mchanganyiko huo. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, mwasumini unayapenda kuliko ya kisima. Na kama ua wako wote ni jiwe, panda kwenye ndoo kubwa na udongo ulioutengeneza mwenyewe. Hakuna aibu, hata bibi wa mfalme angepanda kwenye ndoo.

Mbolea ya kuku, jamani, taratibu. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Ikiwa nyingi, hata iliyooza, inaleta majani na kusahau maua. Mimi hutia makopo mawili ya samadi baada ya kunyoa, mengine katikati ya kaskazi, basi.

Wadudu wapo. Wale weupe kama pamba kwenye vikonyo ni vidung'ata, na mkiwaona tazameni chini, mtakuta msururu wa sisimizi wanapanda na kushuka. Sisimizi ndio wachungaji wao, wanawakamua utamu na kuwalinda. Ukimaliza sisimizi umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni maji ya sabuni, kijiko cha sabuni ya kuoshea vyombo kwa lita moja ya maji, upulizie jioni chini ya majani, asubuhi usuuze. Mwarobaini nao unasaidia. Kisha kuna funza mdogo anayetoboa matumba, tumba linageuka rangi ya zambarau na kudondoka kabla ya kufunguka. Huyo dawa yake ni mkono: okota matumba yote yaliyotobolewa, yaliyo mtini na yaliyoanguka, yachome. Ukiyaacha chini umemtandikia kitanda.

Mama mmoja ameniuliza pale nje, kabla hatujaingia, kama ni kweli asumini huita nyoka. Nimekua nikisikia hilo, na la majini pia. La majini sina ujuzi nalo. La nyoka nitasema nilivyoona. Kichaka kilichoachwa miaka bila kukatwa, kimesongamana mpaka chini, ndani mwake wanalala panya, mijusi na vyura, na nyoka hufuata chakula chake. Mwasumini ulionyolewa, ambao chini unaona mchanga, nyoka atajificha wapi? Kwa hiyo nalo hilo mnalirudisha kwenye mkasi.

Naona mmoja anatazama saa. Nitaingia kwenye maua yenyewe.

Kuna asumini ya tabaka moja, kuna ya tabaka mbili tatu, na kuna ile iliyojikunja kama kijiwaridi kidogo cheupe. Hii ya mwisho inapendeza macho, lakini ni mvivu kukua, na mvua ikiipata inakuwa kama karatasi iliyolowa. Mimi na bibi ni watu wa ile ya kawaida. Saa ya kuchuma ni alasiri, jua likianza kupoa. Usichume lililofunguka. Chagua tumba lililonenepa, jeupe kabisa, linalotaka kupasuka. Liweke kwenye kitambaa chenye unyevu au kwenye bakuli. Likifika magharibi litafunguka lenyewe mkononi mwako, na harufu itatoka hapo hapo, haijapungua kwa kukaa mtini. Ukilichelewesha, litafunguka usiku kwa ajili ya nondo, na kesho yake litaanza kuwa na wekundu hafifu na kudondoka. Siku moja tu ndiyo umri wake. Wachina wa Fuzhou wanaoitia harufu chai yao kwa ua hili hili nao wanaifuata saa hiyo: matumba huchumwa mchana, usiku yakifunguka hulazwa pamoja na majani ya chai, chai ikanywa harufu, kisha maua huchekechwa na kuondolewa. Bibi hakuwa na mambo mengi hivyo. Alidondosha mawili kwenye mtungi wa maji ya kunywa, nasi tukagombania kikombe cha kwanza.

Na vikuba, wanangu, mnavijua kwa kuviona harusini tu, kuvifunga hamjui. Asumini, rihani, kilua, langilangi, kipande cha mkadi, vyote vinafungwa pamoja, mwanamke anakibana kifuani au kwenye nywele. Zanzibar, Lamu, Mombasa, huku kwetu, ni mambo ya watu wa pwani nzima. Nitawaambia kitu kuhusu kilua, nikitoka kidogo nje ya mada. Mkilua ni wetu hasa, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mlangilangi. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Bernard Verdcourt, alipouandika katika vitabu vya sayansi alikuta hauna jina huko, akaupa jina wanalouita watu wa hapa: Mkilua. Mpaka leo dunia nzima ya wasomi inaandika neno hilo kwa Kiswahili. Lakini mwasumini si wetu kwa asili. Nyumbani kwake ni Asia ya Kusini. Jina tumelipata kwa Waajemi na Waarabu, yasmini, na lile la kitaalamu, Jasminum sambac, nalo lina neno la Kiarabu ndani yake, zanbaq. Yemen wanauita ful, na huko bwana harusi huvishwa mashada yake shingoni, si bibi harusi peke yake. Ufilipino wameufanya ua la taifa tangu 1934.

Na mnajua ulisafiri vipi? Si kwa mbegu. Ua hili huku huoni linazaa, mimi sijawahi kuona tunda lake. Kila mwasumini mliowahi kuunusa ulitoka kwenye kijiti kilichokatwa kwenye mwasumini mwingine, nacho kwenye mwingine, mpaka uvuke bahari. Mtu alikata. Huyo aliyeleta wa kwanza huku angeuonea huruma mti wake, tusingekuwa hapa leo. Ule wa kwangu ndio ule ule wa bibi, na wa bibi ndio ule ule wa aliyempa, mti mmoja unaobadilisha nyua.

Ndugu zetu walio Maskati, kule Oman, wanao kwenye nyua zao, hawana taabu, wanahitaji kivuli kidogo cha mchana kwenye miezi ile ya moto na maji zaidi. Walio Ulaya ndio wananipigia simu. Binti yangu mmoja wa ukoo yuko nchi ya baridi, aliununua kwenye duka la maua, akauweka sebuleni karibu na kile kipasha joto, kwa kuuhurumia baridi. Majani yakadondoka yote. Nikamwambia uondoe hapo, hewa kavu ile ndiyo inayoleta utitiri. Uweke kwenye dirisha lenye mwanga kuliko yote, mbali na moto, wakati wa baridi maji kidogo tu, na nje usiutoe mpaka usiku uwe umepita nyuzi 10 za joto. Na machipuko ya kwanza yakikaribia, unyoe. Alinyamaza kwenye simu. Nikamwambia, "Unyoe, mwanangu." Juni akanitumia picha.

Nimalizie na kupanda, maana sikuja mikono mitupu. Chini ya meza hii kuna gunia lenye unyevu na ndani yake mna vijiti, nimenyoa jana. Kila kimoja kina unene wa penseli na urefu wa shubiri moja hivi, kina vifundo vitatu au vinne. Ukifika nyumbani leo, si kesho, ng'oa majani ya chini, bakiza mawili ya juu, hayo nayo ukayakate nusu ili yasinywe maji yote. Changanya mchanga wa mtoni na mboji nusu kwa nusu. Msitumie wa baharini, una chumvi. Toboa kwanza kwa kijiti kingine, kisha chomeka vifundo viwili ardhini, bana udongo kwa vidole. Kivulini, unyevu usikatike lakini usitote. Mwenye chupa ya maji ya plastiki akate kitako afunike nayo, inatunza mvuke. Kati ya wiki nne na sita vuta kidogo kidogo; kikikataa kutoka, kimeshika. Msivute kila siku, nawajua. Wakati wa kukihamishia juani kipeleke hatua kwa hatua, jua la asubuhi kwanza.

Asiyetaka kubahatisha na tayari ana mti, alaze tawi la chini ardhini, alikwaruze gamba pale kwenye kifundo, alifukie na kuweka jiwe juu, ncha ibaki nje. Miezi miwili mitatu lina mizizi yake, ndipo anakata. Njia hiyo ni nadra kukosa.

Vijiti vinatosha, msisukumane. Viwili viwili kwa kila mtu, kwa sababu kimoja huenda kikafa. Nyie vijana wa mlangoni chukueni gunia mgawe, mkianza na wale wazee walioketi nyuma. Na anayepanda daladala asiviweke kule mbele kwenye kioo penye jua. Avishike mkononi ndani ya gazeti lililolowa.